Mfuko Mpya Juu ya Mashine

"Usiuguse," alisema Chiu.

Peng alirudisha mkono. Alikuwa karibu kuuondoa mfuko wa vitafunio uliolala juu ya mashine ya tano, aone kilicho chini yake.

"Una njaa?"

"Tazama tarehe, kaka."

Peng aliinama. Maabara ya kampuni ya Hengyao ilikuwa na mashine sita za majaribio juu ya meza ndefu, na kila moja ilikuwa na mfuko wa kijani wa vitafunio vya nazi kichwani, kama ilivyo Hsinchu nzima, mji wa viwanda vya chipu huko Taiwan. Kituoni kwao hata mashine ya kusoma alama za vidole ilikuwa na wake. Uwe wa kijani, si wa njano wala mwekundu, na usiwe umepitwa na tarehe; mashine iliyowekewa hivyo hutulia. Peng hakuwahi kujiuliza kama anaamini. Aliubadilisha tu ule wa kituoni kila ulipokaribia kuisha muda.

Mifuko mitano ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nyeusi, mwandiko mmoja wa duara: *Uwe mtiifu. Tu Yaling.* Yote ilikuwa inaisha muda mwezi wa nane. Ule wa mashine ya tano haukuwa na maandishi, na ulikuwa unaisha mwezi wa kumi na moja.

"Mashine iliyokufa mbele ya Wajapani ndiyo hii," alisema Chiu. "Na ndiyo pekee yenye mfuko wa ukoo mwingine."

"Nimeona."

"Nimekuonyesha."

Peng alijinyoosha. Alikuwa na miaka ishirini na mbili katika polisi, Chiu sita. Tangu mwezi uliopita picha ya Chiu ilikuwa imetundikwa kwenye korido ya kituo, kwa kesi ambayo Peng aliihangaikia wiki tatu na Chiu akaimaliza kwa simu moja. Kila asubuhi Peng alipita korido ile akiangalia saa yake ya mkononi.

Aliiangalia sasa pia. Saa nne. Saa kumi mwendesha mashtaka angefika.

Mlalamikaji alikuwa Mkurugenzi Ouyang mwenyewe. Wajapani hawa hutengeneza mashine za kupigia picha za mimba, na walikuja kuona chipu ya Hengyao, ile inayosimamia milango yote ya USB ya kompyuta. Onyesho lilikuwa dogo. Kompyuta ilale, iamke, na vifaa vinne vilivyochomekwa viamke nayo. Ililala vizuri. Ilipoamka, vifaa vyote vinne vilikuwa vimepotea, kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kuvichomeka. Wageni waliinama, wakashukuru, wakaondoka na oda yao.

Ajabu ni kwamba tangu siku ile mashine ilikuwa nzima. Peng aliilaza na kuiamsha mwenyewe mpaka kidole kikachoka, na haikukosea. Kwa hiyo Ouyang alisema mtu aliizima kwa mtandao ile programu wanayoiita dawa ya mashine, akaiwasha tena baadaye. Mwenye uwezo huo alikuwa mmoja, Tu Yaling, na Tu Yaling alikuwa amepigiwa simu na kampuni pinzani ya upande wa pili wa barabara. Akishtakiwa kwa hujuma, hakuna kampuni ya chipu kisiwani ambayo ingemfungulia mlango tena.

*

Yaling alikuwa amekalishwa kwenye chumba kidogo cha mikutano na kikombe cha chai baridi. Chai ilikuwa imeisha. Alikuwa anatafuna barafu.

"Hiyo dawa," alisema Peng. "Nieleze kama unavyomweleza mama yako."

"Mama yangu anaelewa. Nimemweleza mpaka amechoka."

Chiu alicheka. Peng hakucheka.

"Basi nieleze mimi."

"Kila chipu ina ugonjwa wake," alisema Yaling. "Kampuni inayokwambia yake haina, inakudanganya. Na chipu ikishatengenezwa huwezi kuifungua na bisibisi. Dawa unaiweka kwenye kiendeshi, yaani ile programu inayoiongoza chipu. Kompyuta ikiwaka, kiendeshi kinaiuliza chipu, wewe nani? Chipu inajibu, mimi wa Hengyao, aina fulani, toleo A. Kiendeshi kinasema, aa, wewe nakujua, wewe ukitoka usingizini husemi mara moja. Kinaisubiri kidogo ijikusanye, halafu kinaiita. Huko kusubiri ndiyo dawa."

"Na isiposubiriwa?"

"Inaitwa, haijibu, kiendeshi kinaamua imekufa. Na ikishahesabiwa imekufa, kila kilichochomekwa kimekufa nayo."

"Kusubiri tu," alisema Peng.

"Nimetafuta miezi saba kujua kuwa ni kusubiri tu."

Chiu aliegemea meza. "Chipu isiyosema mimi ni toleo A?"

"Haipewi dawa. Kiendeshi si chetu, kinatumiwa na dunia nzima na kinaandikwa hadharani. Kina wasimamizi wake, na wakali. Hawakubali umpe dawa asiyeumwa, maana utamchelewesha bure. Lazima utaje toleo."

"Na wewe wamekukubalia."

"Mwezi wa tatu."

"Na jina lako limo."

"La kila aliyeleta kitu limo."

"Mpaka lini?"

Yaling alifikiri. "Mpaka watu waache kutumia kompyuta."

Peng aliandika neno moja, akalifuta. "Hapa ofisini walifurahi?"

"Walinunua keki."

"Nani aliila?"

Yaling alitikisa kikombe, barafu ikagonga. "Mimi na walinzi wa getini."

Siku ya onyesho, alisema, aliipima mashine ya tano asubuhi, ikaamka kila mara. Akaipiga picha. Aliwaonyesha kwenye simu: mashine, na juu yake mfuko wa kijani wenye mwandiko wake. Kisha akawapeleka Wajapani kula tambi za mchele na vibonge vya nyama karibu na hekalu la mjini. Akarudi nao moja kwa moja ukumbini, na mashine ilikuwa imeshapelekwa huko.

"Mkahawani ulitoka nje na kompyuta yako mkononi," alisema Peng. "Mhudumu amekuona."

"Nilitoka na begi langu, kompyuta imo ndani. Mama mkwe alipiga simu. Yeye simu yake haipokelewi mezani, utasikia habari zake mpaka mwaka mpya."

"Mfuko ulibadilisha saa ngapi?"

"Mfuko gani?"

"Wa mashine ya tano. Sasa hauna maandishi."

Yaling aliacha kutafuna. "Hata ukumbini haukuwa nayo. Niliuona, nikadhani mwenzangu Fan kaula wangu."

"Kaula?"

"Mwulizeni mwenyewe."

"Nani hubadilisha mfuko?" aliuliza Chiu.

"Anayefungua mashine. Ukiifungua unautoa, na ukishautoa haurudishwi uleule, umeshauvuruga. Unaweka mpya. Katoni ya ofisi iko chini ya meza yangu, kila mtu anachukua pale."

"Mfuko haubadilishwi kwa mtandao," alisema Chiu.

Peng alikuwa amefungua mdomo kusema hivyohivyo. Akaufunga.

*

Saa sita na nusu taa za ofisi zilizimwa. Wahandisi wapatao arobaini walilaza vichwa mezani juu ya mito midogo, viatu vimevuliwa, na kwa dakika chache hapakuwa na sauti ila feni za kompyuta na upepo wa Hsinchu unaosukuma madirisha. Siku ya onyesho, saa ya usingizi kama hii, mashine ya tano ilikuwa peke yake maabara ikisubiri kupelekwa ukumbini. Mlango wa maabara ulifunguka kwa kadi, na kumbukumbu zake zilisema hakuna aliyepita. Peng alikuwa ameshajua sababu. Mlango ulizuiwa kwa kiti. Kiti kilikuwa kimekaa pale muda mrefu hata miguu yake imechimba sakafu.

Watu watatu tu walikuwa wanaruhusiwa kufungua mashine za onyesho. Yaling alikuwa mkahawani. Wa pili alikuwa Fan Qiwen, jirani yake wa meza. Peng alimgusa bega, akamtoa koridoni.

"Kumwamsha mtu usingizi wa mchana," alisema Fan, shavu limechorwa mikunjo ya mto. "Hiyo nayo ni kesi."

"Siku ile ulilala?"

"Nilichelewa kulala. Nilikwenda maabara kuchukua mto wangu."

"Mto wako unakaa maabara?"

"Nyuma ya mashine kuna joto zuri. Ukiuchukua ni kama umetoka kwenye oveni."

"Ulimkuta nani?"

"Hakuna mtu. Mashine na mifuko yake."

"Wa mashine ya tano ulikuwa na maandishi?"

"Sikuutazama. Mimi siitazami hiyo."

"Wewe na Tu Yaling mnaelewana?"

Fan alijikuna shingo. "Tulianza siku moja. Mshahara mmoja, meza moja. Leo nikipiga simu nje nikasema natoka Hengyao, mtu ananiuliza, unamfahamu Tu Yaling? Nasema namfahamu, amekaa kushoto kwangu, anatafuna barafu kuanzia asubuhi kama punda na mahindi."

"Unamwonea wivu."

"Wa kutosha. Andika. Wivu ni kosa la jinai, au bado hawajafika huko?"

Peng aliandika. Mtu alikuwa ndani ya maabara, saa ileile, hana shahidi, na sababu ameitaja mwenyewe. Alimtazama Chiu kwa jicho la mtu aliyemaliza kazi.

"Ukifungua mashine," alisema Chiu, "mfuko unatoa wapi?"

"Sitoi popote. Mimi ni mtu wa kanisa, dada. Kitafunio ni kitafunio. Nafungua, nafunga, naurudisha uleule. Mwaka jana nilikuwa na njaa, nikaula wa mashine ya pili."

"Ikawaje?"

"Mashine haikuwa na habari. Ila ofisi nzima haikunisemesha wiki mbili. Mwulize yeyote humo ndani, atakuja kukwambia hata kabla hajavaa viatu."

Peng alifunga daftari. Fan alirudi gizani kwenye mto wake.

"Swali zuri," alisema Peng baada ya muda.

"Ahsante, kaka."

"Sijasema zuri sana."

Walisimama kwenye ngazi. Dirishani miti ya bustani ya viwanda ilikuwa imelala upande mmoja kwa upepo. Peng alianza kuongea polepole, akikunja kidole kimoja kimoja.

"Dawa imo kwenye kiendeshi, haijaguswa, nimeikagua na watu wetu. Kwa hiyo hakuna aliyeizima. Mashine ilifunguliwa kwa mikono, saa ya usingizi. Aliyeifungua aliweka mfuko mpya, wa kijani, wa tarehe ya mbali kuliko yote. Sasa niambie. Mtu anayetaka mashine ife mbele ya wageni, anaiwekea mfuko mpya?"

Chiu aliegemea ukuta wa ngazi. "Angeiacha bila kitu. Au angeweka wa njano."

"Huyu aliitakia mema. Alitaka iamke kuliko sisi sote." Peng alibaki na kidole kimoja kilichonyooka. "Na hakuchukua kwenye katoni, ile yote ni ya mwezi wa nane. Katoni iko bure, hatua chache kutoka maabara. Ameshuka mpaka dukani kununua wake."

"Kwa sababu katoni iko chini ya meza ya Yaling."

"Kwa sababu ili uupate lazima umwinamie Yaling," alisema Peng, na kwa mara ya kwanza siku hiyo ni Chiu aliyeitikia kwa kichwa.

Wa tatu mwenye ruhusa alikuwa Ku Zhengde.

*

Ku alikuwa mkuu wa uundaji wa chipu, mwanaume wa miaka hamsini na kitu, shati limepigwa pasi mpaka kwenye mikono. Aliwapokea vizuri. Alimimina chai kwenye vikombe vidogo, akawasogezea kwa mikono miwili.

"Yaling ni mwanafunzi wangu," alisema. "Alikuja hapa hajui kushika chuma cha kulehemu. Inaniuma."

"Dawa yake ni nzuri?"

"Ni plasta." Ku alitabasamu. "Vijana wanapenda plasta, inaonekana kwa mbali. Ugonjwa wa chipu unatibiwa ndani ya chipu."

"Nani ameutibu?"

"Kuna toleo B. Bado halijatoka. Nimebadilisha programu ndogo iliyomo ndani ya chipu yenyewe. Haihitaji kusubiriwa na mtu."

"Na jina lako limeandikwa wapi?"

Ku alifuta meza kwa kiganja. Meza haikuwa na kitu. "Chipu haiandikwi jina la mtu. Inaandikwa la kampuni. Nimetengeneza kumi na moja."

"Kumi na moja, halafu dunia inamjua mwanafunzi kwa mstari wa kusubiri."

"Inspekta ana watoto?"

"Nina wadogo kazini," alisema Peng. "Yaling anasema toleo B lako haliamki bila dawa yake."

Chiu aligeuza kichwa kumtazama. Yaling hakuwa amesema kitu cha namna hiyo.

"Amesema hivyo?" Ku aliweka kikombe chini. "Yeye?"

"Kwa maneno hayohayo. Mkurugenzi yuko chini, mwendesha mashtaka anakuja saa kumi. Nilifikiri ungependa wakusikie na wewe. Lakini kama leo si siku nzuri..."

"Siku nzuri ni ipi?" alisema Ku, akasimama.

Alifungua kabati lake kwa ufunguo, akatoa kadi ya chipu, ya kuchomekwa ndani ya kompyuta, iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki wa rangi ya fedha. Kisha akavuta droo ya chini, akachukua kitu kingine na kukitia mfuko wa koti. Peng alikunywa chai yake yote. Ilikuwa chai nzuri.

*

Maabara walikuwa sita. Mkurugenzi Ouyang, mama mfupi mwenye miwani ya kamba, alisimama karibu na mlango kama mtu anayetaka kuondoka. Fan aliletwa na mto wake kwapani. Yaling alikaa mbali na meza, mikono mapajani, maana alikatazwa kugusa chochote.

"Mwalimu Ku," alisema Yaling kwa heshima.

Ku alimpita.

Aliutoa mfuko wa mashine ya tano, akauweka pembeni. Alifungua ubavu wa mashine, akachomoa kadi iliyokuwamo na kuingiza ile ya kabatini. Kwa macho zilikuwa pacha. Chuma cheusi cha kupozea kilifunika chipu zote mbili. Alifanya kazi haraka, bila kutafuta skrubu, na hata Fan aliacha kupiga miayo. Akafunga. Kisha, bila kusimama, bila hata kutazama, mkono wake ukaingia kwenye koti, ukatoka na mfuko wa kijani, na akaulaza juu ya mashine kwa mikono miwili, ukingo kwa ukingo.

Chiu alisogea akainama juu ya mashine kama anayesoma bei dukani.

"Mwezi wa kumi na moja," alisema.

"Endelea, Bwana Ku," alisema Peng.

Ku alichomeka kibodi, kamera na diski. Akasita.

"Siku ile vilikuwa vinne," alisema Ouyang.

Ku alichomeka kipimo cha picha za mimba, kilekile walichokiacha Wajapani. Akailaza mashine. Taa zote zikazima, feni ikanyamaza, na upepo wa nje ukasikika. Ku alisubiri. Akabonyeza.

Feni ikazunguka. Kioo kikawaka. Taa ya kibodi haikuwaka. Kwenye kioo, majina ya vifaa yalikaa kidogo, kisha yakafutika moja baada ya jingine, yote manne.

"Ni vilevile," alisema Ouyang. Alikuwa ameuacha mlango na kusogea mezani bila kujijua. "Ni vilevile kabisa."

"Ipeni muda," alisema Ku.

"Mwalimu, hata Wajapani waliipa muda," alisema Fan.

"Nimeshairekebisha." Ku alibonyeza tena, na tena. "Tangu juzi nimeshairekebisha, nimekaa nayo siku nzima, ilikuwa inaamka..."

"Juzi," alisema Peng. "Kabla ya juzi ilikuwaje? Uliiona wapi ikishindwa?"

Kidole cha Ku kilibaki juu ya kitufe.

"Ilijitambulisha kuwa ni toleo B," alisema Yaling kutoka kwenye kiti chake. Hakuwa anamtazama Ku, alikuwa anatazama kioo, uso umekunjamana kama wa mtu anayepiga hesabu. "Kiendeshi kimeuliza wewe nani, imejibu B, kikaona B simjui, haumwi. Hakikuisubiri. Wageni walikuwa wanatazama B."

"Ulinunua pakiti ya mitatu," alisema Chiu. "Mmoja wa kuingiza kadi yako. Mmoja wa kuitoa na kurudisha ile ya zamani, ulipojitolea kuirudisha mashine maabara. Na huu. Hata kufuta kosa umefuta kwa heshima."

Ku alikaa kwenye kiti cha magurudumu. Kikarudi nyuma kidogo, akakizuia kwa mguu.

"Ingeamka," alisema, "ningesubiri wageni wapige makofi. Halafu ningesema, mashine mliyoiona haikupewa dawa yoyote. Mbele yao. Na yeye akiwa pale."

"Na haikuamka," alisema Peng.

"Haikuamka. Wote wakamtazama yeye."

"Na wewe?"

"Mimi pia nikamtazama," alisema Ku.

Feni iliendelea kuzunguka. Ouyang alivua miwani, ikaning'inia kwenye kamba yake kifuani.

"Ulikaa mbele yangu," alimwambia Ku, "ukanisaidia kuandika malalamiko. Neno hujuma ulilileta wewe. Mimi nilikuwa nimeandika uzembe."

Ouyang alimgeukia Peng. "Nayaondoa. Niambie pa kusaini."

"Ya Yaling utayaondoa," alisema Peng. "Mwendesha mashtaka atakuja hivyohivyo. Kumsukumia mtu kesi nako kuna kifungu chake."

Ouyang aliitikia kwa kichwa. Alisimama mbele ya Yaling, akamwinamia, si kidogo. Yaling naye akasimama haraka na kuinama, na kwa muda walikuwa wawili wameinamiana bila kujua nani ainuke kwanza.

"Tu," alisema Ouyang, "Wajapani wakikubali kurudi. Toleo B linaweza kuamka?"

"Ni mstari mmoja. Naongeza B kwenye dawa, linasubiriwa kama A. Mwalimu ameitibu sehemu kubwa, imebaki kidogo tu. Kwa kifaa kimoja nadhani inaamka bila hata kusubiri." Alimtazama Ku kwa mara ya kwanza. "Inaamka, si ndiyo?"

"Kwa viwili pia," alisema Ku.

"Mimi nilishindwa hata kwa kimoja."

Ku alisugua goti lake.

"Lakini kuna kanuni ya wasimamizi," alisema Yaling. "Nikipeleka dawa, wanauliza ugonjwa umeonwa na nani. Aliyeufichua anaandikwa. Bila hivyo wanarudisha." Alichukua kalamu nyeusi iliyokuwa mezani, ile ya kuandikia mifuko, akaishika bila kuifungua. "Mwalimu, jina lako linaandikwaje kwa herufi za kigeni? La kwenye pasipoti?"

"Usiniandike."

"Sitaki kudanganya kule. Kule huwezi kufuta."

"Nimesema usiniandike, Yaling. Ndiyo malipo yangu? Miaka ishirini, halafu niingie mle kama mtu aliyeharibu onyesho?"

"Hawajui onyesho. Wataona tu kwamba Ku Zhengde aliona B haiamki kwa vifaa vinne. Ni kweli umeona. Mara mbili."

Fan alikohoa ndani ya mto wake.

Chiu alikuwa ameshika mkono wa Ku, bila pingu, juu ya kiwiko, kama unavyomsaidia mzee kuvuka barabara. Ku alisimama. Walifika mlangoni, kwenye kile kiti, na Ku akasimama tena. Aligeuka nusu.

"Litakuwa juu ya lako," aliuliza, "au chini?"

Yaling alifikiri. "Aliyeona ugonjwa anatangulia. Mwandishi anafuata."

"Juu."

"Juu, mwalimu."

Ku aliitikia kwa kichwa taratibu, mara kadhaa, akalitamka jina lake herufi kwa herufi. Yaling alifungua kalamu na kuliandika nyuma ya kiganja chake.

Nje, upepo ulitaka kuung'oa mlango wa gari. Ku alikaa nyuma, mikono mapajani, akitazama mbele. Chiu alikuwa na mifuko mitatu ya kijani, mmoja umetoka kwenye droo ya Ku, ndani ya plastiki ya vielelezo. Aliizungusha akikagua.

"Kaka Peng. Kwenye ripoti, mfuko umeonwa na nani?"

Peng alikuwa anatafuta funguo. Alizitafuta mfuko wa kushoto, kisha wa kulia, kisha tena wa kushoto. Kwenye kioo cha gari Ku alikuwa ameacha kutazama mbele. Alikuwa anamtazama yeye.

"Iandike wewe," alisema Peng.

"Ripoti yote?"

"Yote."

"Basi jina lako nitaliweka chini ya langu," alisema Chiu, akafungua mlango kwa mikono miwili. "Usijali, kaka. Litasomeka."